Nafasi ya Fulani: Uhakiki wa Mgawanyo wa Ibada, Uchaji na Unajimu katika Orodha za Miswada ya Kisanskriti

1.0 Utangulizi

Mradi wa Nepal na Ujerumani wa kuhifadhi miswada, ulioanza mwaka 1970 na kufikia tamati mwaka 2001, ulipiga picha za mikrofilamu za miswada zaidi ya 180,000, mingi ikiwa ya Kisanskriti. Anayefungua orodha ya mradi huo, au orodha ya maktaba nyingine kubwa ya miswada hiyo, hukutana na vichwa vinavyofanana: Veda, purana, dharma, falsafa, sarufi, ushairi, tiba, jyotisha (elimu ya nyota), karmakanda (taratibu za ibada) na stotra (mashairi ya sifa na maombi). Kila mswada hupewa kichwa kimoja, na jambo linaonekana limekwisha.

Nyuma ya vichwa hivyo kuna dhana ya pili, ambayo ni ya zamani zaidi. Theodor Aufrecht alipochapisha Catalogus Catalogorum katika majuzuu matatu kati ya mwaka 1891 na 1903, alipanga urithi wote huo kwa majina ya kazi na ya watunzi. Mpangilio huo uliwafaa sana wahariri wa tamthilia, sarufi na falsafa, kwa kuwa katika nyanja hizo kazi ina jina, ina mtunzi, na nakala zake zinaweza kulinganishwa hadi mhariri aikaribie matini ya awali.

Uhakiki huu unadai kwamba mgawanyo wa vichwa, ukiambatana na kigezo cha matini asilia, unaificha kazi hasa ya miswada ya ibada, sifa na elimu ya nyota. Miswada hiyo ilinakiliwa ili mtu atende jambo, mahali fulani, wakati fulani, kwa ajili ya mtu fulani. Ndani ya tendo hilo, mambo matatu ambayo orodha inayatenga huwa ni jambo moja. Hoja hii inajengwa kwa kuchunguza tamko la nia katika miongozo ya ibada, vitabu viwili vilivyotungwa katika mji mmoja, hatima ya mashairi ya sifa katika matoleo ya kihakiki, na mjadala wa tarehe ya kitabu kimoja cha unajimu. Mwishoni inajadiliwa namna Kiswahili kinavyoweza kuzitaja nyanja hizi bila kurudia mgawanyo uleule.

2.0 Mswada Wenye Nafasi Tupu

Maandishi yaitwayo padhati au prayoga ni mwongozo wa kutenda. Humwelekeza kuhani vifaa vya kuandaa, maneno ya kutamka na matendo ya kufanya, hatua kwa hatua. Mara nyingi mwongozo wa aina hiyo ni wa kurasa chache, hautaji mtunzi, na jina lake ni jina la ibada yenyewe. Kwa kigezo cha kazi na mtunzi, mwongozo huo ni fukara: hauna wa kumsifia wala asili ya kuitafuta.

Ibada hizo kwa kawaida hufunguliwa kwa sankalpa, yaani tamko la nia. Anayefanya ibada hujitambulisha mahali alipo katika wakati na katika ulimwengu. Huanza na zama kubwa za Brahma, hushuka hadi zama za sasa za Kaliyuga, hutaja bara na nchi, kisha mwaka, nusu ya mwaka ambamo jua linaelekea kaskazini au kusini, msimu, mwezi, nusu ya mwezi yenye kung'aa au yenye giza, tithi (siku ya mwandamo), siku ya juma na nakshatra (kituo cha mwezi miongoni mwa nyota). Baada ya hapo hutaja ukoo wake, jina lake na lengo la ibada.

Mwandishi wa mwongozo hawezi kuyajua mambo haya ya mwisho. Kwa hiyo huandika neno amuka, ambalo maana yake ni "fulani": katika mwezi fulani, tithi fulani, mimi wa ukoo fulani mwenye jina fulani. Kwa mhariri anayelinganisha nakala, amuka ni neno lisilo na tatizo. Halihitaji marekebisho wala tanbihi. Kwa mtendaji, ni sehemu ya mswada isiyotakiwa kusomwa kama ilivyoandikwa. Akilitamka amuka lenyewe, ibada itakuwa haikufanywa siku yoyote wala kwa ajili ya mtu yeyote.

Kuijaza nafasi hiyo kunahitaji elimu ya nyota. Tithi ni muda ambao mwezi unalitangulia jua kwa nyuzi 12, na kwa kuwa mwendo wa mwezi si sawa nyakati zote, urefu wa tithi hubadilika. Inaweza kuanza adhuhuri na kwisha asubuhi ya siku ya pili. Inaweza kukuta macheo mawili, au isikute hata moja. Ndiyo maana kuhani huhitaji panchanga, kalenda ya viungo vitano ambavyo ni tithi, siku ya juma, nakshatra, yoga na karana. Hesabu hiyo, ambayo orodha huiweka katika chumba cha jyotisha, inaingia katika sentensi ya kwanza ya ibada. Bila hiyo, sentensi hiyo haikamiliki.

Mtazamo huu unabadilisha pia namna ya kuiona hali ya mswada kama kitu. Wanakili wa Kisanskriti walizoea kumalizia kazi yao kwa maneno yanayomsihi msomaji akilinde kitabu dhidi ya mafuta, maji na uzi uliolegea, na kujitetea kwamba waliandika kama walivyoona. Mafuta na maji ni vifaa vya ibada. Pale mwongozo unapokuwa na doa la mafuta, alama ya unga mwekundu au pembe iliyochakaa kwa vidole, mhifadhi huona uharibifu, na hakosei. Hata hivyo, mhakiki anapaswa kuona pia ushahidi wa matumizi, ambao huenda ukawa ndio historia pekee iliyosalia ya mswada usio na mtunzi.

3.0 Vitabu Viwili vya Kashi

Udhaifu wa mgawanyo unaonekana zaidi katika vitabu vyenye majina na watunzi, ambako ungetarajiwa kufanya kazi vizuri. Mwaka 1600, Rama Daivajna alitunga Muhurtachintamani mjini Kashi, ambao pia huitwa Varanasi. Kitabu hicho hufundisha kuchagua saa njema kwa ajili ya ndoa, safari, ujenzi wa nyumba, kumwingiza mtoto katika masomo, na mambo mengine ya maisha. Mwaka 1612, katika mji huohuo, Kamalakara Bhatta alikamilisha Nirnayasindhu, kitabu kinachoamua siku sahihi ya saumu, sikukuu na ibada za wafu pale ambapo tithi imegawanyika kati ya siku mbili.

Kitabu cha kwanza huorodheshwa chini ya jyotisha na cha pili chini ya dharma. Kwa mpangaji wa maktaba, sababu iko wazi: Rama anatoa hoja kwa msingi wa nyota, ilhali Kamalakara anatoa hoja kwa msingi wa maandiko ya sheria na desturi. Tofauti hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Lakini swali wanalolijibu wote wawili ni moja: je, tendo hili lifanyike leo, au siku nyingine? Familia ya Kashi iliyokuwa ikipanga harusi katika karne hiyo haikuwa na swali la jyotisha na swali la dharma. Ilikuwa na harusi. Mtafiti wa leo anayetaka kuielewa harusi hiyo hulazimika kuitafuta katika vichwa viwili, na akihitaji mwongozo wa maneno yaliyotamkwa, hulazimika kwenda katika kichwa cha tatu.

Hata maandiko ya sheria yenyewe hayakuuheshimu mpaka huo. Yajnavalkyasmriti, mojawapo ya vitabu vikuu vya dharma, ina sehemu inayoeleza ibada ya kutuliza sayari. Sayari hizo ni tisa: Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura na Zohali, pamoja na Rahu na Ketu ambazo hazionekani kwa macho. Kila moja hupewa umbo lake, matoleo yake na maneno yake. Hapa mnajimu hutambua kwamba sayari iko mahali pabaya, kuhani huwasha moto, na sayari iliyohesabiwa kwa nyuzi husifiwa na kuombwa kama mungu. Tendo moja limepita katika vyumba vitatu vya orodha, ndani ya kitabu kilichopangwa katika chumba cha nne.

4.0 Sifa Zilizopelekwa Kiambatishoni

Kigezo cha matini asilia kilifikia upeo wake katika toleo la kihakiki la Mahabharata, lililoandaliwa na Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune. Kazi hiyo ilianza mwaka 1919 na kukamilika mwaka 1966. Kwa kulinganisha nakala za kaskazini na za kusini, wahariri wake, wakiongozwa kwa muda mrefu na V. S. Sukthankar, walitenganisha kilichothibitishwa na nakala bora na kilichoongezwa baadaye. Ni mafanikio ambayo hakuna mtafiti makini anayeweza kuyabeza.

Miongoni mwa yaliyoondolewa katika matini kuu na kuwekwa viambatishoni ni mashairi ya kumsifu mungu wa kike Durga, likiwamo lile ambalo katika nakala nyingi Arjuna huliimba kabla ya vita. Kwa kigezo cha wahariri, uamuzi huo ni sahihi. Kwa upande mwingine, Vishnusahasranama, yaani majina elfu ya Vishnu, ilibaki ndani ya matini. Kwa sababu hiyo, msomaji wa toleo hilo hupata picha kwamba maandishi haya mawili yana hadhi tofauti: moja ni la Mahabharata, jingine ni la pembeni. Ukweli wa miswada ni kwamba maisha yao yalifanana. Yote mawili yalinakiliwa pia peke yake, nje ya hadithi, na yakasomwa kwa sauti na watu waliotaka ulinzi na ushindi. Kigezo kinachoeleza asili yake kimetumiwa, bila kukusudiwa, kupima thamani yake.

Mfano wa Devimahatmya ni mkali zaidi. Sura zake 13 ni sehemu ya Markandeyapurana, lakini hunakiliwa na kusomwa kama kitabu kamili kiitwacho Saptashati, maana yake "mia saba". Anayezihesabu beti kwa kanuni za ushairi hapati 700. Idadi hiyo hutimia pale tu ambapo maneno mafupi ya kumtambulisha msemaji, pamoja na baadhi ya nusu beti, yanapohesabiwa kila moja kama mantra inayojitegemea. Hesabu hiyo ina maana katika homa, ambapo kila mantra huambatana na toleo linalotiwa motoni. Kwa hiyo jina la kitabu ni maelekezo ya ibada. Kabla ya sura hizo kuna maandishi yaitwayo kavacha, argala na kilaka, yaani deraya, komeo na kigingi, ambayo hayamo katika purana. Mhariri wa purana anayaacha kwa haki. Msomaji wa ibada hafiki katika sura ya kwanza bila kuyapitia.

Kutokana na mifano hii, inadhihirika kwamba matini asilia na matini kamili ni vitu viwili. Uhakiki matini unatafuta ya kwanza. Waumini na wanakili waliihifadhi ya pili, na ndiyo iliyomo katika miswada mingi tuliyorithi.

5.0 Mipaka ya Hoja: Tarehe ya Yavanajataka

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba mhakiki akiikubali kila nakala kama tendo halali, atapoteza uwezo wa kusema kwamba nakala fulani imekosea, na taaluma itageuka kuwa ukusanyaji wa vitu vya kale. Mjadala wa Yavanajataka unaonyesha kwamba hofu hiyo haina msingi.

Yavanajataka ni kitabu cha unajimu wa kuzaliwa kinachohusishwa na Sphujidhvaja, chenye asili ya mafundisho ya Kigiriki. David Pingree, mwandishi wa juzuu tano za sensa ya sayansi za hesabu na nyota katika Kisanskriti, alichapisha toleo lake mwaka 1978 akitegemea hasa mswada wa majani ya mvumo uliohifadhiwa Kathmandu. Kutokana na beti za mwisho, ambazo aliyasoma baadhi ya maneno yake kama tarakimu baada ya kuyafanyia marekebisho, alihitimisha kwamba kitabu kilitafsiriwa kutoka Kigiriki mwaka 149/150 na kutiwa katika beti mwaka 269/270. Tarehe hizo zilienea na kuwa nguzo ya historia ya kuingia kwa unajimu wa Kigiriki katika Bara Hindi.

Mwaka 2013, Bill Mak alizisoma upya beti hizo kwa kutumia pia nakala nyingine kutoka Nepal ambayo Pingree hakuwa nayo. Alionyesha kwamba tarehe zilisimama juu ya marekebisho ya mhariri, na kwamba mswada wenyewe hauzithibitishi. Kwa maoni yake, kinachoweza kusemwa ni kwamba kitabu kilitungwa kati ya mwaka 22 na mwanzo wa karne ya saba. Kauli iliyokuwa na uhakika wa mwaka mmoja imerudi kuwa kipindi cha karne kadhaa.

Fundisho la mjadala huu halipingani na sehemu zilizotangulia. Pingree aliyarekebisha maandishi kwa imani kwamba nyuma ya nakala mbovu kulikuwa na tarakimu safi. Mak alirudi katika nakala na kuuliza inasema nini hasa. Kuiheshimu nakala kama tendo la mtu aliyeinakili kunadai usomaji mkali zaidi. Mnakili anaweza kukosea, na kosa lake linaweza kuonyeshwa. Lakini ni lazima kwanza aliloandika lisomwe kama lilivyo.

6.0 Suala la Istilahi za Kiswahili

Uhakiki wa nyanja hii kwa Kiswahili una mtihani wake. Neno "unajimu" pekee halitoshi kutafsiri jyotisha. Varahamihira, aliyeandika katika karne ya sita, aliigawa elimu hiyo katika matawi matatu: hesabu za mwendo wa nyota, utabiri wa kuzaliwa, na elimu ya ishara za dunia na mbingu. Inapendekezwa hapa kwamba "elimu ya nyota" itumike kwa jumla yake, "falaki" kwa tawi la hesabu, na "unajimu" kwa matawi ya utabiri. Vilevile, "uchaji" hutoa sehemu tu ya maana ya bhakti. Uchaji umetokana na kucha, yaani kuogopa kwa heshima. Bhakti imetokana na mzizi wenye maana ya kugawana na kushiriki. Neno la Kiswahili linamweka mja mbali na mola wake. La Kisanskriti linamweka karibu.

Hata hivyo, Kiswahili kina faida ambayo lugha nyingi za uhakiki wa Kisanskriti hazina. Nilakantha, nduguye Rama Daivajna, alitunga mwaka 1587 kitabu kiitwacho Tajikanilakanthi, kuhusu unajimu uliopokewa kutoka kwa Waajemi na Waarabu. Istilahi zake nyingi ni za Kiarabu zilizovishwa sauti za Kisanskriti. Sahama imetokana na sahm, neno lililotupatia "sehemu". Itthashala imetokana na ittisal, yenye mzizi uleule wa "wasili" na "wasiliana". Msomaji wa Kiswahili anapokutana na maneno haya katika mswada wa Kisanskriti hukutana na jamaa zake waliopita njia nyingine. Hata amuka, msingi wa uhakiki huu, hutafsirika moja kwa moja kwa "fulani", neno ambalo nalo limetokana na Kiarabu. Hivyo, uhakiki wa Kiswahili una nyenzo zake katika uwanja huu na hauhitaji kuazima macho ya lugha nyingine ili kuona.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kuzitenga ibada, uchaji na elimu ya nyota kunawafaa wapangaji wa maktaba lakini kunawapotosha wasomaji pale kunapochukuliwa kama maelezo ya miswada yenyewe. Umeonyesha pia kwamba kigezo cha matini asilia, chenye nguvu katika kueleza asili, hakina uwezo wa kueleza matumizi, na kwamba usomaji makini wa nakala unalinda mambo yote mawili.

Kutokana na matokeo hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, orodha zitaje tendo ambalo mswada ulilitumikia, kwa mfano ndoa, kutuliza sayari au saumu, pamoja na kichwa cha taaluma, ili miswada ya tendo moja iweze kupatikana pamoja. Pili, maandishi yaliyofungwa pamoja katika mswada mmoja yaorodheshwe kama yalivyofungwa, kwa kuwa aliyeyafunga alikuwa na sababu. Tatu, nyongeza za pembeni, madoa ya matumizi na nafasi za amuka zilizojazwa kwa jina au tarehe zirekodiwe kama sehemu ya matini.

Pendekezo la tatu ndilo lenye uharaka. Tangu mwaka 2003 India imekuwa na mpango wa kitaifa wa kusajili miswada, na kazi ya kuihifadhi kidijitali inaendelea katika nchi kadhaa. Kinachoachwa nje ya rekodi leo kitakuwa vigumu kurudishwa. Kazi yenye jina na mtunzi ina nakala nyingine, na mtu wa kuitafuta hatakosekana. Mwongozo wa kurasa nne, ambamo mtu mmoja aliwahi kuliandika jina lake juu ya neno "fulani", hauna wa pili wake.